Jedwali la Ndoa za Zamani

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Nimemaliza! Saa nane mchana na kazi ya wiki nzima imekwisha.

Katibu alisema seva mpya inawekwa Jumatatu na hataki uchafu uhamie kwa nyumba mpya. Maneno yake hayo. Huyo Katibu wetu, Mchungaji Mukhisa, kila kitu kwake ni nyumba. Basi Kiptum, yule kijana wa Eldoret aliyetutengenezea mfumo, akanitumia skripti. Rahisi sana. Naandika majina ya majedwali ninayotaka yasafishwe, nabonyeza, yanabaki matupu. Mfumo wetu una majedwali thelathini na moja. Nikachagua sita — majaribio_1, majaribio_2, mahudhurio_2019, wageni, ndoa_nakala, ndoa_zamani. Takataka tupu. Hata majina yenyewe yanajisema.

Skripti ikauliza kama nina uhakika. Nikaandika NDIYO kwa herufi kubwa, ndivyo inavyotaka. Sekunde kumi na moja! Miaka sita nimekuwa karani wa kumbukumbu hapa makao makuu ya kanisa, Kitale, na sijawahi kumaliza kitu upesi hivyo.

Kesho nyumbani Kiminini kwa Mama. Anasema maharagwe yanaoza shambani kwa mvua hii.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Seva mpya imewekwa. Ndogo kuliko nilivyodhani, kama kreti ya soda. Katibu aliiwekea mkono akaiombea, sisi wote tumefumba macho. Kiptum alikuwa anajizuia kucheka, niliona mabega. Baadaye akaisafisha ile ya zamani yote ili ipelekwe shule ya Jumapili, watoto wajifunzie.

Siku nzuri. Chai na mandazi.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi alikuja mama mmoja kutoka Matulo, kule karibu na Webuye. Lenah Nangila. Miaka hamsini na kitu, kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama kichwani, viatu amevifuta matope mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Alikuja na shemeji yake, Wakoli.

"Bwana asifiwe, mwanangu."

"Amen, Mama. Karibu kiti."

Mume wake amekufa. Wabwile Makokha, tarehe ishirini na nane mwezi uliopita. Alikuwa anaishi hapa Kitale na mwanamke mwingine, anaitwa Phelista, miaka kumi na minne sasa. Ndugu wakamchukua wakamlaza mochari ya Bungoma ili azikwe kwao Matulo. Phelista akakimbia kortini, mazishi yakasimamishwa. Anataka kumzika hapa, kwa shamba lao. Na wakili wake anasema Lenah hakuwa mke — ati aliachwa kabla ya harusi, na hata mahari haikuisha. Wazee walioshika mahari wote wamekufa.

"Na tulifunga halusi," Mama Lenah akasema. Halusi — wanavyosema kwao. "Tarehe kumi na nane Desemba tisini na tatu. Jumamosi. Nilivaa gauni la kuazima."

Cheti? Kilikuwa kwa sanduku la bati. Sanduku Wabwile alienda nalo Kitale. Phelista anasema hajawahi kuona sanduku. Kitabu cha kanisa la Matulo? Kililiwa na mchwa. Lakini mchungaji wa kule akamwambia asijali, vitabu vyote viliingizwa kwa kompyuta na kompyuta iko Kitale. Ndiyo maana amekuja. Anataka tu karatasi moja yenye muhuri. Kesi ni tarehe kumi na nane.

Nikatafuta Makokha. Hakuna. Nikatafuta Nangila. Hakuna. Nikaandika Matulo, 1993. Hakuna. Matulo peke yake — ya kwanza ikatokea Januari 2001. Nikaandika Webuye. 2001. Bungoma mjini. 2001. Upande wote wa Bungoma, kana kwamba hakuna mtu aliyeoa kabla ya hapo!



Nikamwambia mtandao uko chini. Nikadanganya, hivyo tu, bila kufikiri. Nikasema nitawapigia. Mama Lenah akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu akubariki kwa kazi hii. Nilitaka aniachilie.

Walipotoka nikampigia Kiptum.

"Niaje madam. Ndoa_zamani? Zii, hiyo si nakala. Hizo ndizo ndoa za zamani. Bungoma yote kabla ya elfu mbili na moja. Yule karani mama aliyekutangulia hapo ndiye aliziingiza. Si tulisema tutaunganisha baadaye?"

Mimi sikuwepo walipokuwa wakisema. Nikauliza bakapu, ile nakala ya akiba. Bakapu hujiandika kila Jumapili juu ya ile ya wiki iliyopita. Na Jumapili imepita. Seva ya zamani? "Si niliisafisha jana ukiniona, madam."

Kuna faili skripti iliacha, inayoonyesha ilichofanya. Nimeifungua. Mstari wa mwisho: ndoa_zamani — 412 zimefutwa.

Nilisoma "jedwali la ndoa, toleo la zamani". Kumbe ilikuwa ndoa za zamani. Za watu.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Nimemwambia Katibu. Nilisimama muda wote, sikukaa.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza ni nani mwingine anajua. Kiptum. Akasema Kiptum ni wa mkataba, atanyamaza. Akauliza kama huyo mama anajua. Hapana.

"Basi dada Nyaruai, tutaandika ukweli. Tumetafuta, na rekodi haipo. Haipo, au iko?"

"Haipo, Mchungaji."

"Umeona? Si uongo."

Anataka barua hiyo ikiwa na sahihi yangu, kwa sababu mimi ndiye karani wa kumbukumbu. Ati tukisema tumefuta ndoa mia nne, waumini watasemaje? Askofu atasemaje? Na ile sheria ya kulinda data, je? Watatufunga.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikasema nitaichapa vizuri kwanza.

Kortini "haipo" itasomwa "haikuwepo". Hata yeye anajua. Aliangalia dirishani alipokuwa akisema.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Barua bado sijaitia sahihi. Katibu ameuliza mara mbili, mara ya pili kupitia msichana wa mapokezi.

Lakini leo nimepata kitu! Nilikuwa nazunguka tu ndani ya mfumo kama mtu aliyepoteza ufunguo nyumbani kwake. Nikafungua jedwali la ubatizo. Sikuligusa lile, asante Mungu. Nikatafuta Makokha, na yupo: Nekesa Makokha, mtoto wa kwanza, amebatizwa Matulo Aprili 1995. Baba Wabwile, mama Lenah. Na kwa safu ya mwisho, ile ambayo hakuna mtu huijaza siku hizi: ndoa ya wazazi, Matulo 217.

Mia mbili kumi na saba! Yule mama aliyeingiza alinakili hata hiyo.

Nikamkimbilia Katibu, kama mjinga, nikidhani atafurahi. Na alifurahi. Lakini si nilivyotaka.

"Basi imekwisha! Namba unayo, tarehe unayo, majina unayo. Muingize tena. Weka tarehe ya kuingizwa iwe ile ya zamani, chapa, nipige muhuri. Mama apate haki yake, kanisa lipate amani."

Nikamuuliza, na wale mia nne na kumi na moja wengine?

"Hao hawajatuuliza."

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Nimetoka Kapsokwony, nguo zimejaa matope mpaka kiunoni. Boda ilikataa kupanda mara mbili, nikashuka nikasukuma pamoja na mwenyewe.

Nilikwenda kumwona Mama Jerono. Ndiye karani niliyemrithi, ndiye aliyeingiza zile ndoa. Amestaafu, amerudi kwao mlimani analima vitunguu. Nilimkuta amekaa kwa gunia akivichagua, vikubwa huku, vidogo huku. Hakuinuka, akanionyesha tu stuli.

Nilimwambia yote. Aliendelea kuchagua.

Vitabu? Viliteketezwa nyuma ya kanisa la Matulo, 2016, vilikuwa vimeliwa na mchwa, vinabomoka mkononi na kunuka. Yeye mwenyewe alitazama vikiungua, kwa sababu vilikuwa vimeshaingizwa. Nakala? Hana. Flashi? Alirudisha zote siku ya kuondoka na akatia sahihi.

"Miezi saba," akasema. "Nilijua mwandiko wa kila mchungaji. Kuna mmoja wa Cheptais alikuwa anaandika na wino wa kijani. Kuna bwana harusi mmoja aliweka kidole kwa sababu hakujua kuandika, na bibi harusi akaandika jina lake na la bwana pia. Nilikuwa nacheka peke yangu."

Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Hukufungua hata moja? Hata moja tu, uone ni nini?"

"Hapana."

Akarudi kwa vitunguu vyake. Sikutukanwa. Nilipoondoka alinifungia vitunguu kwa karatasi, nikashindwa kukataa. Mfuko wangu wote unanuka.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Mama nina mafua.

Mama akaniambia, "Mafua hayafanyi mtu ashindwe kuniangalia." Akaenda ibada peke yake.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nilimwingiza.

Niandike vizuri. Saa tano asubuhi, Katibu akiwa mkutanoni, nilifungua jedwali la ndoa. Nikaandika Wabwile Makokha. Lenah Nangila. Matulo. 18 Desemba 1993. Namba 217. Nilikuwa nimempigia Wakoli akanipa majina ya mashahidi. Wote wawili marehemu. Nikabadilisha tarehe ya kuingizwa, nikaweka Machi 2016. Jina la karani: Jerono.

Hapo ndipo niliacha kuandika. Nilimwona amekaa kwa gunia lake. Ninaandika kwa jina lake kitu ambacho yeye alikiandika kweli, na bado ni uongo!

Rekodi yenyewe ilikuwa nzuri. Hakuna mtu angejua. Na kila neno ni kweli, si ndiyo? Harusi ilikuwepo. Gauni lilikuwepo. Lakini kama mimi naweza kumuumba Lenah kwa dakika nne hapa kwa kiti hiki, basi kesho mwingine ataniambia nimuumbe Phelista. Na nikiulizwa kortini nimeapa, nitasema nini? Katibu hatakuwa kizimbani. Nitakuwa mimi.

Nikaifuta. Safari hii nilisoma kwanza, mstari kwa mstari.

Kisha nikaenda choo nikalia.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Nimempigia Wakoli. Nikamwambia amuweke Mama Lenah kwa simu na yeye asikie pia. Nikasema: mtandao haukuwa chini. Rekodi yako ilikuwepo, Mama, na ni mimi niliifuta. Kwa makosa. Yako na za wengine mia nne na kumi na moja.

Nilisikia kuku wa kwao.

Wakoli ndiye aliyesema: "Ati ulifuta? Unafutaje harusi ya mtu, bana?"

Nikasema niko tayari kuja Bungoma kusema hivyo mbele ya hakimu. Wakoli akasema ataongea na wakili wao. Simu ikakatika. Au Mama Lenah alikata.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Wakili wao amepiga. Nije kesho, saa tatu kamili, nibebe kitambulisho, ile faili ya skripti iliyochapwa, na karatasi ya ubatizo.

Nimemwambia Katibu kwamba kesho sitakuwepo na ninakokwenda. Ni haki ajue. Alivua miwani. "Dada Nyaruai, hapa umelelewa. Baba yako alizikwa na kanisa hili." Kweli. Ndiyo maana inauma.

Ameniambia nikienda, nisirudi kwa kiti changu.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Bungoma. Naandika nikiwa kwa hoteli ndogo nyuma ya korti, chai imepoa mbele yangu. Nataka kuandika kabla sijaanza kujitengenezea hadithi nyingine.

Nilifika mapema. Kwa korido kulikuwa na benchi moja tu lenye nafasi, na aliyekaa hapo ni mwanamke mnene, nguo zote nyeusi, ameshika leso. Nikasalimu, nikakaa. Akaniuliza nimekuja kwa kesi gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi ni wewe wa kompyuta." Alikuwa Phelista.

Nilitaka kuhama. Hakukuwa na pa kuhamia.

Hakunitukana pia. Kwa nini hakuna mtu ananitukana? Alisema polepole, akiangalia ukuta: "Miaka miwili ya mwisho hakuweza kutembea. Mimi nilimgeuza kitandani. Mimi nilimnyoa. Huyo mama wa Matulo alikuja mara moja, akakaa dakika kumi. Hiyo nayo imeandikwa wapi?"

Nikamuuliza kuhusu sanduku la bati, sijui nilipata wapi ujasiri. Akanigeukia. "Lilikuwepo. Alilichoma mwenyewe na vitu vyake tulipohamia shamba. Alisema anaanza upya." Kisha akasema, "Na usiniulize hilo mule ndani."

Tukaitwa.

Niliapa kwa Biblia. Wakili wa Mama Lenah akaniongoza vizuri: mimi ni nani, kazi yangu, nilifanya nini tarehe tano. Nilisema nilichagua majedwali sita. Nilisema sikufungua la sita kuangalia. Hakimu, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, alinisimamisha. "Jedwali ni nini? Niambie kama unamwambia mama yako." Nikasema ni kama kitabu, mheshimiwa. Kila ukurasa ni harusi moja. Skripti ni kijana unayemtuma kuondoa vitabu vya takataka, na unampa orodha. Mimi niliandika kitabu kizuri kwa orodha ya takataka. Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu.

Nikaonyesha ubatizo wa Nekesa, na ile Matulo 217.

Kisha wakili wa Phelista akasimama. Huyo alikuwa mpole, ndiyo ubaya wake.

"Madam Nyaruai, hizo harusi mia nne na kumi na mbili, uliwahi kuona hata moja kwa macho yako?"

"Hapana."

"Kwa hivyo hujui kama namba mia mbili kumi na saba ni ya Lenah Nangila."

"Ubatizo unasema —"

"Ubatizo unasema namba. Mimi nauliza jina. Unajua?"

"Sijui."

"Na tarehe tisa ulimwambia huyu mama nini?"

"Kwamba mtandao uko chini."

"Ulikuwa chini?"

"Hapana."

"Kwa hivyo ulidanganya siku hiyo, na leo tukuamini."

Nilimtafuta Mama Lenah kwa macho. Alikuwa anaangalia mikono yake. Nilidhani nikisema ukweli utamsaidia. Ukweli ulifika pale mbele ukasimama tu, kama mgeni asiye na zawadi.

Wakaitaja serikali nayo: rekodi za ndoa za kanisa zilipaswa kutumwa huko pia kila mwaka. Wakili wa Mama Lenah alikwisha kutafuta. Miaka ile ya tisini, kutoka Matulo, hakuna kilichotumwa.

Hakimu akatoa amri. Maiti isizikwe popote. Kanisa lilete kortini, kabla ya Ijumaa tarehe tatu Oktoba, orodha ya ndoa zilizofutwa kadiri inavyoweza kupatikana upya — kwa vyeti walivyo navyo watu, picha, mashahidi, namba za ubatizo. Alisema kama namba zilizo kabla ya 217 na zilizo baada yake zitapatikana na zikalingana na miaka, atajua pa kuiweka hiyo. Siku kumi na tano! Harusi mia nne, watu wametawanyika kutoka hapa mpaka Cheptais mpaka Nairobi.

Nje, Wakoli alinipungia mkono, kidogo. Mama Lenah alipita. Karibu anipite kabisa. Kisha akasimama, akaniuliza:

"Hiyo lekodi yangu. Ilikuwa imeandika Nangila, ama Lenah peke yake?"

Nikasema sijui, Mama. Sikuiona.

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho hawezi kununua. Akaenda.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Barua ya kusimamishwa kazi. Mistari minne. Katibu hakunipa mwenyewe, aliacha mapokezi. Nimerudisha funguo, kadi, na laptopu. Sina nywila tena, walibadilisha jana nikiwa kizimbani.

Na ile orodha ya hakimu ni nani ataifanya? Nilimuuliza msichana wa mapokezi. Akasema Katibu amesema kanisa litakata rufaa, amri hiyo haitekelezeki.

Kiptum ametuma ujumbe: "Pole madam. Ningeweka ile skripti iangalie kwanza." Na mimi ningeangalia kwanza. Tuko wawili.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Leo nilienda ibada na Mama. Tulikaa nyuma. Watu wananiangalia kisha wanaangalia kitabu cha nyimbo.

Saa tisa Wakoli akapiga. Ati Mama Lenah amesimama Matulo wakati wa matangazo. Hakuwa kwa orodha ya watakaotangaza. Mzee wa kanisa akamwambia akae, hakukaa. Akasema: wote mliofunga ndoa kanisa hili kabla ya elfu mbili na moja, mmefutwa. Mimi nimefutwa na nyinyi mmefutwa. Kama unataka mtoto wako ajue ulioa, kesho uende Kitale na ulichonacho. Mwambieni na wa Webuye, na wa Bungoma.

"Na kuhusu mimi, alisema nini?"

Wakoli akafikiri. "Alisema uko na mwandiko mzuri."

Sijui aliuona wapi. Labda ile namba ya simu niliyomwandikia siku ya kwanza.

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Nilitoka Kiminini nikijiambia naenda tu kuangalia, nipite kando ya barabara kama mpita njia.

Wako hapa! Sijui sitini, sijui themanini. Lango limefungwa na askari amesema ana amri asifungue, kwa hivyo wamekaa kwa nyasi nje ya ua, wengine kwa kanga, wengine kwa mawe. Suti za zamani. Akina mama na vitambaa vyao vyeupe. Kila mtu ana bahasha, au mfuko wa nailoni, au picha imefungwa kwa gazeti. Wanaonyeshana. Wanacheka na nywele zao za zamani. Mzee mmoja amebeba keki ya udongo, sijui ni nini — ukumbusho uliokaa juu ya kabati tangu 1988.

Askari alinionyesha kwa kidole. Wakageuka wote.

Mzee wa keki akaja karibu, akaniangalia juu mpaka chini.

"Ndiye wewe ulitufuta?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Mm." Akageukia mke wake. "Ni mdogo."

Sikuwa na kitu. Sina kompyuta, sina muhuri, sina hata ruhusa ya kuwa hapa. Nilivuka barabara nikanunua daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili, nikakaa kwa jiwe. Nikasema: mmoja mmoja, majina yote mawili, tarehe, kanisa, namba kama unaijua, na umekuja na nini.

Wa kwanza alikuwa mzee huyo huyo. Alisema harusi ilikuwa Agosti. Mke wake akasema Aprili. Mzee akarudia Agosti, kulikuwa na vumbi. Mke akasema hilo vumbi ni la harusi ya ndugu yako, yetu tulinyeshewa mpaka keki ikayeyuka. Akatoa cheti. Aprili. Matulo, namba 139.

Nimeandika 139.

Sasa nimefika mtu wa ishirini na tatu. Ninaandika haya wakati wanakunywa chai, kuna mama amekuja na sufuria. Mpaka sasa Matulo ninazo 139, 140, 171, 208. Mia mbili na nane ni Oktoba 1993! Bado hakuna baada ya 217. Mama Lenah yuko, amekaa mbali chini ya ukuta, hajaja kwangu. Anapanga watu mstari. Ameweka wazee mbele. Anamwambia kila mtu atoe cheti nje ya bahasha kabisa asinicheleweshe.

Katibu amefungua dirisha la juu. Ameniita mara mbili kwa jina. Mara ya pili si kwa hasira, nadhani. Watu wameinua vichwa, wanangoja nifanye nini.

Na hapa mbele yangu amesimama bibi mmoja wa Webuye, na picha ambayo mchwa wamekula upande wa bwana harusi wote, wamebakisha mkono tu. Hana cheti. Hajui namba. Anauliza kama mume alikufa zamani, bado wanaweza kuandikwa wote wawili, ama ni yeye peke yake. Nimefungua ukurasa mpya, nimemwambia anitajie majina yote mawili.